Kikopo cha Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Likizo ya uzazi imekwisha na mvua imeanza, yote siku moja. Nimefika maabara viatu vimejaa maji na blauzi imelowa maziwa, nikawasalimia wenzangu kwa mbali. Mheshimiwa nimemwacha nyumbani na bibi yake. Mheshimiwa ni mwanangu, ana miezi mitatu, na cheo hicho kapewa na baba yake kwa sababu akikohoa tu nyumba nzima inasimama.

Bibi yake ndiye mama mkwe wangu. Kaja Jumamosi, atakaa nasi mpaka mvua ziishe. Nimemwonyesha chupa za maziwa niliyokamua, zimejipanga kwenye friji, na nimemweleza mara mbili: haya tu, si maji, si uji, si maziwa ya kopo. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye wanawe aliwapa uji tangu mwezi wa pili na wote wana meno. Nimeondoka na neno hilo kichwani na halijatoka mpaka sasa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mheshimiwa kanyonya vizuri. Nepi zote zimefuliwa kabla sijarudi.

Jumatano, 5 Machi

Leo ni siku ya vikopo. Niliandike jambo hili vizuri, maana Mheshimiwa akikua atataka kujua kwa nini kinyesi chake kilikuwa kinasafiri. Maabara yetu inachunguza matumbo ya watoto wanaonyonya. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari fulani ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Si chakula chake, ni chakula cha bakteria wema wanaokaa tumboni mwake. Wakishakula wanatengeneza asidi, na asidi hiyo inawanyima nafasi wadudu wabaya. Kila nikifikiria kwamba mwili wangu unawapikia wageni nisiowaona, najiona mtu wa maana sana.

Kila Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshaondoka, mzee mmoja wa maabara anapita nyumba kwa nyumba na boksi la barafu kukusanya sampuli. Tunamwita Mzee Vikopo. Kesho yake tunapima kwa karatasi ya asidi: ikigeuka rangi ya chungwa, bakteria wema wako kazini, ikiwa kijani, hawapo au wamebaki wachache. Halafu tunaotesha kwenye visahani ili tuhakikishe. Vikopo vina namba tu, na anayepima hatakiwi kujua ni cha nani. Lakini namba ya Mheshimiwa niliibandika kwa mkono wangu mwenyewe, ni kumi na nne, na nilimtajia mwenzangu wa meza. Muda wote wa likizo, nilipokuwa natoa sampuli mwenyewe, alikuwa ananipigia simu na kuninong'oneza: chungwa, shoga yangu, chungwa tupu.

Nimerudi jioni nikamwuliza mama mkwe kama Mzee Vikopo alikuja. Kaja, kapewa, kaondoka. Hakuniangalia alipokuwa anajibu.

Alhamisi, 6 Machi

Namba kumi na nne ni kijani.

Nimerudia. Kijani. Mwenzangu wa meza kanitazama, halafu kajifanya anatafuta kalamu.

Jumapili, 9 Machi

Jana na leo Mheshimiwa hajapata choo. Mtoto anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa hivyo na asiwe na tatizo lolote, kwa sababu maziwa yote yanatumika mwilini. Hilo nalijua. Lakini mtoto anayepewa maziwa ya kopo kwa siri naye anaweza kufunga choo. Nimeshinda na mawazo hayo mawili, nikimbonyeza tumbo, na yeye ananichekea.

Mama mkwe kanipikia supu. Kasimama pembeni mpaka nimeimaliza, macho yake kifuani pangu.

Alhamisi, 13 Machi

Kijani tena. Na visahani vya wiki iliyopita viko karibu vitupu. Palipotakiwa kujaa bakteria wema pana vidoa vya kuhesabika. Hata harufu si yake. Mama anaijua harufu ya mwanawe, na hii imekuwa kali, ya mtoto mwingine kabisa. Sijui wamemfanya nini mwanangu.

Sikumwambia mtu. Nikisema, itabidi nieleze nimejuaje namba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeanza kuziwekea chupa alama ya kalamu ya wino mahali maziwa yanapoishia. Jioni nazikuta tupu, zimeoshwa, zimepinduliwa kwenye kitambaa. Kuwa tupu hakunisaidii. Ama kayanywa mtoto, ama kayanywa sinki.

Jumanne, 18 Machi

Supu tena. Nikamwambia nimeshiba. Kasema, "Kula, mwanangu, huli kwa ajili yako tu." Kuna namna mtu anavyokuhimiza ule kama anayekusuta.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeingia sebuleni, mama na mwanawe wakanyamaza kwa pamoja. Mume wangu akaanza kuzungumzia soketi ya jikoni. Ni fundi umeme, na soketi ndiyo kimbilio lake akibanwa. Nilipomvuta chumbani nikamwuliza walikuwa wanasema nini, kajibu hakuna kitu, mama ana wasiwasi tu na mimi. Wasiwasi gani? Eti nachoka. Nimemwambia sichoki, naona tu, na mtu anayeona anaonekana mkorofi.

Alhamisi, 27 Machi

Kijani. Sasa kikopo hicho nakifungua cha mwisho.

Alhamisi, 3 Aprili

Kijani. Mvua haijakatika tangu juzi, nepi zinanuka unyevu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo machale yamenicheza, nikaaga kazini mchana nikisingizia kichwa. Nyumba nimeikuta imefungwa. Friji nimeifungua: chupa mbili bado zimejaa, saa ambayo moja tu ndiyo ilitakiwa iwe imebaki. Nikatoka nje nikasikia kicheko cha Mheshimiwa kwa jirani.

Jirani yetu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, na ana binti mchanga anayelingana na wangu kwa umri, ila ni mwembamba. Maziwa yake yalikatika alipolazwa baada ya kujifungua, kwa hiyo binti analelewa kwa kopo. Simlaumu hata kidogo. Ila mlango wake ulikuwa wazi, na nilichokiona nimekiona. Cherehani imesimama. Chupa ya maziwa ya kopo iko juu ya meza, katikati ya vitambaa, bado inatoa mvuke. Mama mkwe kakaa kwenye stuli na Mheshimiwa mapajani, na midomo ya Mheshimiwa imelowa.

Nimesalimia. Fundi cherehani kainamisha kichwa, kaanza kuokota pini ambazo hazikuanguka. Mama mkwe kasema, "Umewahi leo," bila kushtuka, na hilo la kutoshtuka ndilo lililonitia hofu zaidi. Nimemchukua mwanangu nikamnusa mdomo pale pale mbele yao. Nilisikia mate, sabuni, na kitu kingine ambacho mpaka sasa naapa ni maziwa ya unga, na mpaka sasa sina hakika.

Nimemwuliza kuhusu chupa mbili. Kasema mtoto alilala sana. Nimemwuliza wamefuata nini huku. Kasema, "Mazungumzo. Kukaa na mtoto asiyejibu kunachosha." Fundi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Watu wawili wakiwa na siri, anayecheka ndiye mwenye roho nyepesi. Nitamfuata huyo nikihitaji ukweli.

Alhamisi, 10 Aprili

Kijani.

Jumatano, 16 Aprili

Kliniki. Mheshimiwa kaongezeka uzito vizuri sana. Muuguzi kanipongeza, kasema niendelee hivyo hivyo. Nimeshindwa kufurahi. Huenda pongezi ni za kopo.

Ijumaa, 18 Aprili

Jana kijani, leo mvua, na mama mkwe anaimba jikoni. Nimegundua kwamba namchukia anapoimba, na ninaandika hivyo kwa aibu, kwa sababu sauti yake ni nzuri na mwanangu hulala akiisikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimelipata.

Nilirudi nimelowa chapachapa, na kijani ya leo imebaki machoni. Mama mkwe alikuwa anamwogesha mtoto. Taulo langu lilikuwa limefuliwa, nikaingia chumbani kwake kutafuta jingine, na begi lake lilikuwa wazi miguuni mwa kitanda. Chini kabisa, limefungwa ndani ya sweta, kopo la maziwa ya watoto wachanga. Jipya, la ukubwa wa kati. Nilikaa kitandani nikalishika, na nasema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Sikuwa mwendawazimu.

Nimemsubiri amvishe mtoto. Nikaliweka mezani katikati yetu.

"Hili la nani, mama?"

Kaliangalia, halafu kaniangalia mimi. "Si la mjukuu wangu."

"Nimeuliza la nani."

Nikamwambia maabara haina chuki na mtu. Karatasi haimjui mama mkwe wala mkwe. Nikamwambia wiki zote hizi najua. Nikamwambia najikamua mpaka kifua kinauma, nakaa chooni kazini na pampu kama mwizi, na yeye anayamwaga maziwa yangu na kumpa mwanangu unga. Nilitumia neno kumwaga. Nilitumia na neno uongo. Mume wangu aliingia katikati ya neno uongo, akasimama mlangoni na mfuko wake wa zana.

"Nimwage maziwa yako?" mama mkwe akauliza, polepole. "Mimi?"

"Basi kopo la nini?"

Pale ndipo angeweza kusema. Nilimwona akitaka kusema, mdomo ukafunguka. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, kifuani, macho yale yale ya supu, na huruma ndani yake ambayo sikuielewa na ambayo ilinikera kuliko tusi. Kisha akalirudisha kopo kwenye sweta.

"Umeshaniita mwongo," akasema. "Sasa nikieleza nitakuwa najitetea. Sina umri wa kujitetea."

Mume wangu hata soketi hakuitaja.

Ijumaa, 25 Aprili

Kaondoka asubuhi kwenda kwa wifi yangu, binti yake mkubwa. Kambusu Mheshimiwa utosini, mimi kaniaga kwa adabu zote, na kopo kaenda nalo. Nimeomba likizo ya dharura kazini. Mume wangu kala, kaosha sahani yake mwenyewe, kaenda kazini.

Nimeshinda vita. Nyumba ni yangu. Mheshimiwa kalia mchana kutwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Barabara ni mto, hakuna anayetoka nje ila Mzee Vikopo, ambaye nadhani angekuja hata kwa kuogelea. Mheshimiwa kanifanyia hisani, alikwenda choo alfajiri baada ya siku nyingi, choo laini cha manjano. Nimekijaza kikopo kwa mkono wangu. Mzee Vikopo kauliza bibi yuko wapi, eti alikuwa anamkaribisha chai kila mara akisubiri. Akisubiri nini, nikauliza. "Akilete kikopo," kasema, na kakimbia na boksi lake.

Ijumaa, 2 Mei

Chungwa.

Jana ilikuwa sikukuu, wamepima leo. Mwenzangu wa meza kanipigia simu, sauti imejaa furaha. Namba kumi na nne ni chungwa linalong'aa. Siku tano tu bila mama mkwe na tumbo la mwanangu limetengemaa. Nimemwambia mume wangu: unaona? Una la kusema? Kaniambia, "Sina." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, kasema mama yake hajawahi kumwibia mtu kitu chochote. Nimemjibu kwamba na mimi sijawahi kusoma karatasi vibaya.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinapungua. Sijui nitamwacha na nani mtoto nikirudi kazini.

Jumatano, 7 Mei

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi, kabla Mzee Vikopo hajafika, mlango uligongwa. Alikuwa fundi cherehani, binti yake mgongoni, na mkononi kashika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo zuri la kifundi. Akauliza bibi yupo? Nikamwambia kaondoka. Akasikitika. Akasema wiki iliyopita alidhani mvua ndiyo imemzuia, akaona leo alete mwenyewe, mzee wa watu asije akakosa. Akaninyooshea mfuko. Nikamwuliza ni nini.

"Nepi ya mwanangu," akasema. "Si ndiyo mnayopima?"

Sikumwelewa. Nadhani nilimwelewa, ila mwili ulikataa, kwa sababu niliuliza tena na tena, na kila mara alijibu kwa upole zaidi, akidhani sisikii vizuri. Nikamwingiza ndani. Nikamkalisha. Akanieleza yote bila kuficha, kwa sababu kwake hapakuwa na wa kufichwa isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa namwuliza.

Jumatano ile ya kwanza Mheshimiwa alikuwa hajapata choo tangu Jumapili, na Mzee Vikopo yuko mlangoni na boksi. Mama mkwe alihofu. Watoto wake yeye, walioanza uji mapema, walikuwa wanakwenda kila nepi. Mtoto asiyekwenda, kwake, ni mtoto asiyeshiba. Akajua moja kwa moja kwamba maziwa yangu yanakatika. Akamwekea Mzee Vikopo chai, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaja kwa fundi.

"Alisema wakikosa choo watakuuliza, na ukiulizwa utajua maziwa hayatoshi," fundi akasema. "Alisema umeyapenda sana hayo maziwa yako, utaumia. Choo cha mtoto ni choo cha mtoto, akasema. Wangu anakwenda kila asubuhi, hakosi."

"Na wiki zilizofuata?"

"Mara nyingine wako alikwenda. Lakini akaona akibadilisha, mtagundua kwamba si yule yule. Basi tukaendelea na wangu." Akamtengeneza binti yake mgongoni. "Akaahidi kunishukuru kwa kopo la maziwa. Nilisubiri, hakuleta. Niliona aibu kuuliza."

Nilikaa nikiutazama mfuko. Wiki zote hizo nilikuwa napima tumbo la binti wa jirani na kumhukumu mama mkwe wangu. Karatasi haikusoma vibaya hata siku moja. Niliambiwa na pua yangu kwamba harufu ni ya mtoto mwingine kabisa, nikaandika hivyo humu ndani, nikageuza ukurasa. Supu zote zile, macho yale kifuani, minong'ono sebuleni: mama wa watu alikuwa anajaribu kuniongezea maziwa bila kunivunja moyo. Na chupa mbili zilizobaki ni kwamba mtoto alilala sana.

Fundi cherehani alikuwa bado hajaondoka. Alimshusha binti yake mgongoni, akampakata, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba samahani, "Na wa kwangu vipi? Mmeona nini?"

Nikayakumbuka maneno niliyoandika juu ya kinyesi hicho. Nikamwambia wapo watoto wengi wenye matumbo ya namna hiyo, hata wanaonyonya, na wanakua. Nikamwambia huo ni ukweli, ila binti yake ni mwembamba, nitamwomba daktari wetu amwangalie, nitampeleka mwenyewe. Akashukuru. Mzee Vikopo alipogonga nilimrudisha mikono mitupu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemweleza mkuu wa maabara yote, pamoja na la namba. Sampuli zote za kumi na nne tangu Machi zimefutwa, na mimi nimetolewa kwenye meza ya kupima. Nitaosha vyombo mpaka uchunguzi uishe. Mwenzangu wa meza kapewa onyo, na hanisalimii. Binti wa fundi ataonwa Jumatatu.

Mume wangu nilimwambia jana jioni. Alikaa chini. Akauliza, "Utamwendea, au nimwendee mimi?" Nikasema mimi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo jua. Nimekwenda na Mheshimiwa kwa wifi. Nimemkuta mama mkwe chumba cha uani, anakunja nguo za wajukuu wengine. Wifi alinipokea kwa baridi, akatuacha.

Nilisema yote, nimesimama. Sikujipunguzia. Nikasema nimekukosea, mama, nilikuita mwongo mbele ya mwanao, nikakutuhumu unamwaga maziwa ya mjukuu wako. Nikalia, na sikupanga kulia. Alisikiliza huku akiendelea kukunja, mpaka nguo zikaisha, kisha akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamnusa shingoni kwa muda mrefu.

"Maziwa yanatosha?" akauliza.

"Yanatosha, mama. Yalikuwa yanatosha siku zote. Wanaonyonya tu ndivyo walivyo, wanaweza kukaa wiki bila choo. Nilitakiwa kukwambia. Nilikwambia usimpe nini, hilo sikukwambia."

"Kumbe." Akafikiri. Nikamwona anajizuia, halafu akashindwa, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Na mimi nakimbia na nepi ya watu kwenye mvua." Nikacheka na mimi, machozi bado yananitoka, na kwa muda mfupi nilidhani yamekwisha. Nikamwomba arudi nyumbani nasi leo leo. Akasema tutaona.

Mheshimiwa, ambaye alikuwa hajakwenda tangu Jumanne, akachagua wakati huo. Tulisikia wote wawili. Nikangoja anyanyuke atafute maji, kama alivyofanya siku zote bila kuombwa. Akamnyanyua, akambusu, akanirudishia mikononi mwangu.

"Mfungue wewe," akasema.

"Mama, nimeomba msamaha."

"Nimekusamehe. Nitakuja, nitambeba, nitamwimbia. Nepi yake siigusi tena." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Sitaki siku nyingine nirudi kupimwa."

Nikatandika kitambaa sakafuni nikambadilisha mwenyewe, na yeye akageuzia uso dirishani mpaka nilipomaliza.